Zebaki Iliyobaki Ukutani

Kipimajoto cha kioo kinachowekwa kwapani mwa mgonjwa kina zebaki ya gramu moja hivi. Mashine ya presha ya kizamani, ile yenye mstari wa fedha unaopanda na kushuka ndani ya kioo, hubeba mara themanini au mia ya kiasi hicho. Kwa vizazi kadhaa vifaa hivi viwili vilikuwa ndiyo sura ya hospitali, na mzee wa Tanga akiambiwa amepimwa hujua amepimwa kwa vifaa hivyo. Kimojawapo kikidondoka, zebaki hutawanyika kwa vitone vidogo, huingia kwenye nyufa za sakafu na kuendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi, mvuke usioonekana wala kunuka. Ukivutwa hupita mapafuni ukaingia kwenye damu, na viungo unavyoviumiza zaidi ni ubongo na figo. Mgonjwa hulala siku tatu akarudi kwao. Muuguzi na mhudumu wa usafi hurudi chumba kile kile kila zamu, mwaka baada ya mwaka, na hao ndio wanaouvuta zaidi.

Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mkataba umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini. Samaki waliila, watu wakawala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hakuna aliyeufahamu ukatambuliwa rasmi miongoni mwa jamii za wavuvi. Baadaye ikathibitika kwamba hata mtoto aliye tumboni hakusalimika. Kwa vipimajoto na mashine za presha za zebaki, mkataba uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviingiza nchini na kuviuza nje, huku ukiziachia nchi nafasi ya kuomba nyongeza ya muda. Maneno hayo yasomwe kwa makini. Mkataba unambana mwenye kiwanda na mwingizaji wa bidhaa bandarini. Kifaa kilichonunuliwa miaka ishirini iliyopita, kikatundikwa ukutani kwenye zahanati ya Mkinga au kufungiwa kabatini Korogwe, haukigusi. Mkataba haukukataza matumizi yake, na siku kitakapovunjika hakuna afisa forodha atakayekuwa amesimama pale wodini.

Pengo hilo, kati ya bandari na wodi, ndilo ninalotaka lizibwe, na hoja yangu ni kwamba njia ya haraka na ya uhakika zaidi ya kuliziba katika mkoa wa Tanga ni mapatano ya hiari kati ya hospitali zenyewe: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo pamoja na hospitali za wilaya, za serikali kwa za mashirika ya dini, Hospitali Teule ya Muheza pamoja na vituo vya watu binafsi mjini. Wapo watakaosema hiari ni jina zuri la kutofanya kitu. Nitawajibu hapo chini. Kwanza tuangalie kwa nini amri peke yake haifiki. Muuguzi aliyevunja kipimajoto anajua mambo mawili: kwamba kifaa ni mali ya umma, na kwamba atakayeulizwa ni yeye. Mahali ambapo kuvunja ni kosa la kuandikiwa barua au kukatwa mshahara, vitone vitafagiliwa kimyakimya, vitiwe kwenye ndoo ya taka, na jioni viingie kichomeani. Ufagio huvigawanya vitone kuwa vidogo zaidi na kuongeza mvuke, na moto huigeuza zebaki yote kuwa hewa inayotoka kwenye bomba. Njia mbili za kawaida za kuficha ndizo mbili zilizo mbaya kuliko zote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yanafichwa kwa sababu tumemtisha anayepaswa kuyataja. Amri kali zaidi itaongeza hofu, na hofu itaongeza ufagio. Makubaliano yanayoanza kwa kumwambia muuguzi kwamba kutoa taarifa ya kifaa kilichovunjika hakutamgharimu chochote yanafika mahali ambapo sheria haijawahi kufika.

Jambo hili limejaribiwa kwingine. Mwaka 1998 Chama cha Hospitali cha Marekani kilitia saini makubaliano na shirika la serikali ya nchi hiyo la kulinda mazingira, kwa lengo la kuondoa karibu taka zote za zebaki hospitalini ifikapo 2005. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga. Hospitali zilizojiunga zilihesabu vifaa vyao, zikabadilishana uzoefu wa vifaa mbadala, na muda ulipofika hospitali nyingi za nchi ile zilikuwa zimeshaviondoa au zimo mbioni kuviondoa. Lakini lipo jambo moja ambalo wapenzi wa hiari hupenda kulisahau. Mwaka mmoja kabla ya makubaliano hayo, serikali ya Marekani ilitoa kanuni kali za moshi wa vichomea taka vya hospitali. Msimamizi wa hospitali aliyekuwa akiteketeza kila kitu alijua kwamba kuendelea hivyo kutamgharimu. Mapatano yalimpa njia ya kutoka, na kanuni zikampa sababu ya kuitafuta njia hiyo.

Kwa ushahidi wa nyumbani hatuna haja ya kwenda mbali na ufukwe wa Tanga. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga kwa fedha za serikali ya Ireland na ushauri wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN). Wakati ule baruti za kuvulia samaki zilikuwa zikilipuliwa kwenye miamba yetu waziwazi, ingawa sheria ilikwisha kuzipiga marufuku zamani. Mpango ule ulianzia barazani. Wavuvi wa vijiji vinavyotumia mwamba mmoja waliketi pamoja, wakakubaliana miamba ipi ifungwe na kwa muda gani, na doria ikawa ya wanavijiji na vyombo vya serikali kwa pamoja. Milipuko ikapungua sana kabla ya karne kuisha. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, doria zikalegea, adhabu za mahakamani zikawa nyepesi, na baruti zikarudi. Ukisoma nusu ya kwanza ya habari hii utasema hiari inatosha. Ukisoma nusu ya pili utasema hiari ni ndoto. Mimi naisoma yote kwa pamoja: makubaliano yaliwafikia watu ambao sheria peke yake ilishindwa kuwafikia, yakavunjika pale ambapo mvunjaji hakupoteza kitu na mtiifu hakuona faida. Kwa hiyo ninaposema hiari nina maana ya hiari yenye hesabu ya wazi, yenye tarehe, na yenye sheria iliyosimama nyuma yake. Sheria hiyo tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inawagusa wote wanaozalisha taka hatarishi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) wana mamlaka ya kuisimamia. Hospitali isiyotaka kujiunga ibaki huru kutojiunga, na NEMC wabaki huru kuanza ukaguzi wao hapo.

Kuna pingamizi zito zaidi, na sioni vema kulipita juujuu. Tatizo kubwa la zebaki nchini liko kwenye dhahabu. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa madini kisha wakaichoma, na duniani kote uchimbaji huo ndio unaotoa sehemu kubwa kuliko zote ya zebaki inayoingia hewani kutokana na kazi za binadamu. Tanga yenyewe si mgeni wa jambo hili. Handeni na Kilindi kuna dhahabu, na mwaka 2003 na 2004 wachimbaji walimiminika Sakale, juu kwenye Usambara Mashariki, katika eneo la vyanzo vya Mto Zigi ambao ndio unaoinywesha Tanga. Basi kwa nini tuhangaike na kipimajoto cha gramu moja? Jibu la kwanza ni kwamba muuguzi wa Bombo havuti zebaki ya Handeni. Anavuta ile iliyo chini ya kitanda anachokihudumia. Jibu la pili linanihangaisha zaidi: zebaki ya hospitali na zebaki ya machimboni ni kitu kimoja. Mashine ya presha iliyotupwa ina gramu zenye thamani kwa mnunuzi, na kifaa kilichoondolewa wodini bila utaratibu kinaweza kuishia kwenye karai la kuoshea dhahabu. Ndiyo maana kuondoa bila kuhifadhi ni kuhamisha sumu tu. Kila kilichoondolewa kiandikwe kwa namba, kifungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, kiwekwe ndani ya chombo cha pili kisichovunjika, na kikae chumba kimoja chenye kufuli na madirisha mpaka kikabidhiwe kwa wenye idhini ya kukishughulikia. Zahanati moja haina uwezo wa kujenga chumba hicho. Mkoa mzima ukishirikiana, kimoja kinatosha.

Na bahari iko karibu mno. Hospitali ya Bombo imejengwa juu ya ufukwe, na ghuba yetu imezungukwa na mikoko. Tope la mikoko lisilo na hewa ni mahali ambapo vijidudu huigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, ile iliyoua Minamata. Humo huanzia kwa viumbe vidogo, ikapanda kwa samaki anayewala, ikajikusanya zaidi kwa papa, nduaro na jodari wanaowala hao. Sisemi kwamba samaki wa soko letu la Deep Sea wana sumu, na mama mjamzito asiache dagaa wala changu kwa sababu ya makala hii. Nasema kwamba watu ambao kitoweo chao ni bahari wana sababu kubwa kuliko watu wa bara ya kutoruhusu hata gramu moja ielekee huko.

Kuhusu vifaa vyenyewe, wapo matabibu wasioamini mashine za kidijitali. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa sokoni ziko nyingi za ovyo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kwamba mbadala zilizothibitishwa ubora zinafaa kuchukua nafasi ya zebaki, na mashine ya presha yenye mshale kama wa saa, isiyotumia betri, inatosha kwa zahanati isiyo na umeme mradi ipelekwe kwa fundi wa vifaa tiba kuhakikiwa walau mara moja kwa mwaka. Betri nazo ni taka, nakubali, na zinahitaji ndoo yake. Bei inaonekana kikwazo siku ya kununua, lakini kioo huvunjika na kununuliwa tena na tena. Hapa ndipo ushirikiano unapolipa fedha taslimu. Mfumo wa mshitiri wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kusambazwa nchi nzima, tayari unaviwezesha vituo vya umma vya mkoa kununua kwa pamoja kwa mzabuni mmoja kile kinachokosekana Bohari ya Dawa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Uamuzi wa kutoagiza tena kifaa cha zebaki, na wa kutaja aina iliyothibitishwa, unaweza kufanywa mkoani bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Mapatano hayo yakishasimama kwa zebaki, yanaweza kubeba taka nyingine. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida kama za nyumbani, na 15 tu ndizo hatarishi. Zikichanganywa, zote huwa hatarishi na zote huchomwa. Mipira na mifuko ya plastiki aina ya PVC ikiungua katika kichomea chenye moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayodumu miaka mingi kwenye mafuta ya mwili. Ndoo za rangi tunazo: ya njano, nyekundu, na ya taka za kawaida, pamoja na boksi la sindano. Mitambo ya kuua vimelea kwa mvuke pia imejaribiwa nchini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kubuni unaoweza kutengenezwa hapa hapa. Kituo kidogo hakiwezi kuumiliki. Vituo vitano vya jirani vinaweza.

Basi naelekeza ombi langu kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga na kwa waganga wafawidhi wa hospitali zote, za umma na zisizo za umma. Iteni kikao kimoja. Kila atakayehudhuria aje na karatasi yenye namba mbili, vipimajoto vya zebaki vilivyopo na mashine za presha za zebaki zilizopo, pamoja na vilivyovunjika tangu Januari. Tangazeni siku hiyo hiyo kwamba anayetoa taarifa ya kifaa kilichovunjika hatatozwa wala kuandikiwa barua. Chagueni chumba cha hifadhi na tarehe ya mwisho. Kisha bandikeni namba hizo kwenye ubao wa matangazo wa kila hospitali, mzirekebishe kila baada ya miezi mitatu, ili mgonjwa anayesubiri foleni azisome akiwa amekaa kwenye benchi.