Mama Yake Aladini Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, mtu aliyefika umri wangu akaonekana ameketi sakafuni mbele ya televisheni, ameshika pedi ya mchezo wa watoto, ana haki ya kuchekwa. Dada yangu alinicheka mpaka akatokwa na machozi. Lakini niliketi, wala sijuti, kwa sababu mpwa wangu wa miaka tisa aliniita akaniambia, "Mjomba, njoo umwone Aladini," na jina hilo, kwa mtu aliyelelewa na hadithi za bibi yake, haliitwi mara mbili.

Mashine yenyewe ni Sega Mega Drive, nyeusi, ambayo shemeji yangu alirudi nayo kutoka Dubai katika miaka ya tisini, na ambayo kwa rehema za Mola ingali hai, ijapokuwa kaseti zake hukataa kusoma mpaka zipulizwe. Mchezo ulio ndani ya kaseti hiyo umetokana na sinema. Sinema ya Aladdin ya kampuni ya Disney ilitoka Novemba 1992, ikachuma fedha kupita sinema zote za mwaka huo duniani. Mwaka uliofuata pakatoka michezo miwili ya jina hilohilo, kwa kuwa haki za kuutengeneza kwa mashine za Sega zilikuwa mkono mmoja na za Nintendo mkono mwingine. Wa Nintendo ulitengenezwa Japani na kampuni ya Capcom, na miongoni mwa waliousanifu ni Shinji Mikami, ambaye baadaye alijipatia sifa kwa michezo ya kutisha. Huu wa Sega ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Virgin, chini ya David Perry, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini.

Nisije nikaambiwa nachukia nisichokijua, nasema wazi: mchezo huu ni kazi ya mafundi. Kabla yake, watu wa michezo hii aghalabu walikuwa vijisanduku vya rangi vilivyokwenda kama vimefungwa kamba. Hapa wachoraji wa Disney wenyewe walikaa wakachora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, kisha michoro ikaingizwa katika kompyuta. Kwa hiyo kijana yule akikimbia, kisibau chake hupepea; akiruka, utadhani ana mifupa na pumzi. Mikami mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikiri kwamba lau asingalikuwa ndiye aliyeutengeneza ule wa Nintendo, angalinunua huu wa wenziwe. Fundi akimsifu fundi mwenziwe waliyeshindana naye sokoni, sisi wengine tutasema nini? Mimi ni mtu wa mizani na vina, najua taabu ya kazi ya mkono, na sitaitia dosari mahali isipo nayo.

Basi mpwa wangu akaanza. Hatua ya kwanza ni soko la mji uitwao Agraba. Kazi ya Aladini humo ni kukimbia na kupigana. Anao upanga, na matofaa ya kurusha. Wanamjia askari wenye vitambi na masharubu, mmoja baada ya mwingine, macho yamewatoka. Yuko mrusha visu. Iko mikono inayotokeza madirishani kuangusha mitungi. Yuko hata ngamia ambaye ukimkanyaga nundu hutema. Mahali pengine pana makaa ya moto, na askari wakiyakanyaga huruka miguu peku huku wakilia. Mtoto alicheka sana hapo. Nami nilicheka, sikufichi.

Lakini nilipokwisha kucheka nikatazama tena lile soko, nikatafuta jambo moja: mtu mmoja tu, katika soko zima la Waarabu, asiyekuwa wa kupigwa. Nilimpata mmoja, mchuuzi mwenye kilemba ambaye humpa Aladini roho za ziada kwa kubadilishana na vito alivyookota njiani. Wengine wote ni adui. Hapana anayesalimu wala anayeitikia salamu. Nimekulia Mji wa Kale Mombasa, nami sijapata kuona soko la Waislamu ambalo mtu aweza kulipita kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kuambiwa neno.

Huenda utasema, ni mchezo tu, bwana. Naam, ni mchezo. Lakini mwezi wa Desemba 2015, huko Marekani, wakusanya maoni wa Public Policy Polling waliwauliza wapiga kura kama wangeunga mkono mji wa Agraba upigwe mabomu. Mji usiokuwako duniani! Katika wafuasi wa chama cha Republican waliojiandaa kupiga kura ya mchujo, 30 kwa 100 walisema naam, upigwe. Na hata upande wa Democratic walikuwako 19 kwa 100. Hawakuujua mji, lakini jina lilisikika kama la Kiarabu, na hilo likatosha. Sisemi ni mchezo huu uliowafunza. Nasema tu kwamba picha ya soko lisilo na mtu mwema haikai kichwani bure.

Malalamiko hayo si yangu peke yangu wala si mapya. Mwaka 1993 Waarabu wa Marekani walilalamikia wimbo unaofungulia sinema, uliosema kuwa huko atokako msimulizi mtu hukatwa sikio asipopendeza uso, nayo Disney ikayabadili maneno hayo kwa ajili ya kanda za video. Na waziri mwovu wa sinema, anayegeuka joka mwishoni mwa mchezo, anaitwa Jafar. Msomaji wa Alfu Lela Ulela anamjua Jaafar al-Barmaki, waziri wa Harun al-Rashid, anayefuatana na bwana wake usiku kwenda kusikiliza shida za raia. Jaafar wa kweli aliuawa kwa amri ya bwana wake huyohuyo mwaka 803. Maskini, hata baada ya miaka elfu na ushei hajaachwa alale. Sasa anapigwa matofaa.

Hata hivyo sitaki kusema lile ambalo wengi wetu hukimbilia kulisema, kwamba wametuibia hadithi yetu. Hadithi ya Aladini ina nasaba ya ajabu. Haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela. Iliingizwa na Mfaransa, Antoine Galland, baada ya kusimuliwa mjini Paris mwaka 1709 na kijana Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni kutoka Halab ya Sham, ambao Wazungu huuita Aleppo. Galland aliandika jina la Diyab katika daftari lake la siku, lakini katika vitabu alivyochapisha hakumtaja. Na hadithi yenyewe, kama alivyoichapisha Galland, haikuwekwa Baghdad wala Basra bali katika mji wa Uchina. Kwa hiyo atakayedai Aladini ni wake peke yake itambidi kwanza asimame kortini pamoja na Mchina, Mshami na Mfaransa, na sisi wa pwani tutakuwa nyuma kabisa ya foleni. Hadithi husafiri kwa majahazi, kila bandari ikashusha kitu na kupakia kingine. Hilo silioni kosa.

Kosa ninaloliona mimi ni jingine, na si mimi niliyeligundua. Mpwa wangu alikwisha kufika mapaa ya nyumba, akapoteza roho mbili, akaweka pedi chini akaniuliza: "Mjomba, huyu Aladini hana mama?"

Nikakumbuka. Bibi yangu alipotusimulia hadithi hii barazani, taa ya chemni ikifuka moshi, Aladini alikuwa na mama, tena mama ndiye aliyekuwa mhimili. Ndivyo ilivyo katika kitabu pia. Aladini ni mwana wa mshoni maskini, mvivu, mtoto wa kuzurura. Baba anafariki kwa majonzi ya mwana asiyesikia, na mama anabaki akisokota pamba ili wapate kula. Anakuja mchawi wa Maghrib, anajifanya ami yake, ndugu wa baba, na ni mama anayemwandalia chakula. Kijana anatoka pangoni na taa kuukuu, wana njaa, na mama anasema aisugue kidogo iuzike kwa bei nzuri. Ni mkono wa mama, si wa Aladini, uliomtoa jini wa taa mara ya kwanza. Kisha ni mama huyo anayefunga vito katika kitambaa, akaenda barazani kwa Sultani siku baada ya siku, akasimama kimya mpaka Sultani alipouliza yule bibi kizee anataka nini. Mjane msokota pamba, kwenda kuposa binti mfalme! Bibi yangu alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo, nasi tukinyamaza naye.

Mama huyo aliondolewa Marekani. Katika rasimu za kwanza za sinema alikuwamo. Howard Ashman, mtunzi wa nyimbo aliyefariki mwaka 1991, alimwandikia kijana wimbo wa kumwahidi mama yake kwamba atakuja kuwa mtu wa kujivunia. Wakubwa wa studio wakaona mama hana kazi, akatolewa, na wimbo ukatoka naye. Ulirudishwa katika tamthilia ya jukwaani, New York, mwaka 2014, lakini humo kijana anamwimbia mama aliyekwisha kufa. Mchezo wa Sega ukafuata sinema. Maadamu sinema haina mama, mchezo utampata wapi? Angalia basi vito vimekuwaje: vile alivyovibeba mjane kifuani kwenda kumtafutia mwanawe mke, sasa huokotwa njiani ili kununulia roho ya ziada.

Utaniwia radhi, msomaji, nikiwa mkali hapa. Mamangu, Mungu amrehemu, alifiwa na mumewe nikiwa na miaka saba. Alikuwa akikanda unga baada ya sala ya isha na kukaanga mahamri kabla ya alfajiri, nami nikiyatembeza kwenye sinia kabla ya kwenda chuoni, ambako mwalimu aliijua harufu yangu kabla ya kuijua sura. Alikwenda mwenyewe ofisi moja ya serikali kufuatia haki ya marehemu, akasimama mlangoni siku tano, na siku ya sita akaulizwa anataka nini. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimjua tangu zamani, katika hadithi.

Yako mambo ambayo mchezo hauwezi, nalielewa hilo. Utamchezaje mwanamke aliyesimama kimya barazani kwa mfalme? Utabonyeza kitufe gani? Mchezo wataka kuruka na kupiga, na huu unaruka na kupiga vizuri kupita wenziwe wengi. Hata mwaka 2019 ukatolewa upya kwa mashine za kisasa, na watu wazima waliouchezea utotoni wakaununua. Wacha wanunue. Sikumnyang'anya mpwa wangu kaseti, wala sikumhutubia juu ya Waarabu na mabeberu. Mtoto wa miaka tisa ukimhutubia hukuitikia "ndiyo, mjomba" huku kidole kikingoja kitufe.

Nilimwambia tu kwamba mama yuko. Akaniuliza yuko hatua ya ngapi. Nikamwambia hayumo katika kaseti, aizime kidogo nimweleze. Akasema ningoje amalize mapaa ya nyumba. Nikangoja, akafa mara nne, ndipo akaizima. Nikaanza pale bibi alipokuwa akianzia, kwa mshoni na mwanawe mvivu. Tulipofika kwa mjane akisokota pamba, akanikatiza: "Na hiyo pamba alikuwa akimuuzia nani?"

Sikuwa na jibu. Dada yangu akajibu kutoka jikoni, "Majirani. Tena kwa deni."