HEDIFONI ZANGU HAZIVUJI, NA HIYO BESI YENU NDIYO INAYOTUMALIZA

Najua nimeadimika, wiki kama tatu hivi sijaandika kitu. Test zilifululiza, afu ile kozi ya upimaji na tathmini imetupelekesha kweli kweli. Tuyaache hayo. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, na nisipolitoa hapa nitagombana na mtu huku hosteli.

Ni hivi. Watu wa bloku letu wameshakata shauri kwamba hedifoni zangu ni mbovu. Kila anayezivaa anatoa hukumu zile zile mbili: "zinavuja" na "hazina besi". Rumeti wangu, ambaye ni ndugu yangu kabisa na sufuria tunachangia, amefikia hatua ya kuwaambia wageni eti niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sasa najibu mara moja kwa maandishi, ili mwingine akiniuliza nimwelekeze huku na mi niendelee na usingizi wangu.

Hedifoni zenyewe ni Beyerdynamic DT 990 Pro, za Mjerumani, zile za ohmu 250. Nilizichukua kwa dada mmoja wa Ulaya aliyekuwa anajitolea hapa Moshi. Alikuwa anapunguza mizigo kabla ya kwenda KIA kupanda ndege, akaniachia kwa laki moja na ishirini. Ni hela ya tuisheni, siyo ya bumu, kwa hiyo msinianze.

Tuanze na hilo la kuvuja. Chukua hedifoni zangu uzigeuze uangalie mgongo. Hakuna plastiki iliyozibwa pale, kuna wavu wa chuma. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachotetema, na kiwambo kikitetema kinasukuma hewa pande zote mbili, mbele kwenye sikio lako na nyuma vilevile. Kwenye hedifoni zilizozibwa, ile ya nyuma inagonga plastiki, inarudi, inajichanganya na mziki uliokuwa unausikiliza. Za wazi zinaiachia itoke iende zake. Basi. Sennheiser walitoa hedifoni za wazi HD 414 mwaka 1968, zile zenye sifongo za njano, na mpaka leo watu wa studio wanazitumia za aina hii wanapotaka kuisikia rekodi ilivyo. Mtu akiniambia zimeharibika kwa sababu jirani anasikia, ni kama kufika kwenye nyumba yenye baraza ukasema ukuta wa mbele umeanguka.

Faida yake ni kwamba mziki hausongamani katikati ya kichwa. Nina rekodi ya bendi ya tarumbeta ya usharika mmoja wa kule juu Machame, niliichukua mwenyewe kwa kinasa sauti cha kuazima. Kwenye hedifoni za rumeti wangu ni kelele moja nene ya shaba. Kwenye hizi namsikia yule wa tarumbeta kubwa kasimama kushoto kidogo na amechelewa nusu pigo, nawasikia vijana wa mbele wanavuta pumzi pamoja, na kuna mtoto nyuma anakohoa. Hata manyunyu juu ya bati yapo. Mara ya kwanza nilizivua nikidhani mvua inanyesha hosteli!

Haya, sasa tuje kwenye besi, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Ukienda kununua hedifoni mjini, pale Double Road au stendi, muuzaji hatakuambia kitu kingine chochote. "Chukua hii kaka, ina besi hatari." Anakuwekea singeli, kichwa kinatikisika, unatoa hela. Hakuna anayesema weka wimbo wenye watu wanaoimba tusikie kama maneno yanasikika. Tumefundishwa kupima sauti kwa mtetemo wa taya. Na wenzangu mnafikiri mimi ndiye siipendi besi. Jamani, mimi naimba SAUTI YA NNE! Besi ni kazi yangu kila Jumapili nikiwa nyumbani. Ninachosema ni kwamba hizo hedifoni za besi hatari ndizo zinazoiua besi, na ushahidi ninao.

Miaka michache iliyopita kwaya ya nyumbani ilirekodi. Wamama walichanga hela za ndizi, wazee wakatoa za kahawa, tukakodi Hiace mpaka studio moja hapa mjini, sitaitaja. Prodyuza alikuwa kijana mzuri tu, mchangamfu, na shingoni ana hedifoni kubwa zilizozibwa zenye kitufe cha kuongeza besi. Kitufe kilikuwa kimewashwa siku nzima. Tumeimba toka asubuhi hadi saa mbili usiku. Rekodi ilipokuja tukaiweka kwenye spika za kanisani, sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu kwa mbali, ya nne HAIPO. Wanaume kumi na mmoja tumepotea kama moshi. Kilichobaki chini ni ngoma ya kinanda.

Watu wakasema prodyuza hajui kazi. Mi nasema alikuwa anadanganywa masikioni. Fikiria mpishi anayeonja mchuzi huku ana punje ya chumvi mdomoni. Ataona chumvi imetosha, hata atapunguza, na nyie mezani mtakula chapwa. Yule kijana hedifoni zake zilikuwa zinamjazia besi ambayo kwenye rekodi haikuwepo. Akaona huku chini kumezidi, akapunguza. Akapunguza tena. Alipozivua, sisi hatupo.

Na msiniambie "watu siku hizi wanasikilizia kwenye simu, besi ya nini". Spika ya simu haiwezi kutoa zile sauti za chini kabisa, ni kweli. Lakini koo la mwanaume akiimba noti ya herzi 100 halitoi hiyo 100 peke yake, linatoa na 200, na 300, na 400 na kuendelea juu, na hizo za juu ndizo sikio linazotumia kumtambua mwimbaji hata kwenye kaspika kadogo. Ukifyeka huku chini kwa sababu kinakuchanganya, unafyeka na hizo.

Kwenye ile rekodi kuna mzee wetu wa sauti ya nne aliyeimba kwenye kwaya ile tangu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyenisimamisha pembeni yake nikiwa kidato cha pili akaniambia nisome noti kwa mdomo wake. Mwaka juzi tulimzika kihambani kwake. Rekodi nyingine yenye sauti yake hatuna. Nimekaa na hizi hedifoni usiku, wimbo wa nne, beti la tatu, mahali kinanda kinaponyamaza kidogo, na namsikia kwa sekunde kama sita. Kwenye hedifoni za besi hatari hata hizo sita hazipo, nimejaribu za watu watano hapa bloku. Sasa mtu aniambie tena zangu ndizo mbovu.

Inauma zaidi kwa sababu tupo Moshi, mji wa Radio Sauti ya Injili, kwaya zimerekodiwa hapa tangu miaka ya 1960. Tulikuwa tunajua kusikiliza.

Kuna na hili la masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila wasiwasi mkubwa, ikifika 90 ni saa 4, ikifika 100 ni dakika 20. Kwa wiki nzima, siyo kwa siku! Na linakadiria vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa ajili ya mziki wa juu. Sisi ni walimu watarajiwa. Wengi wetu tutapangiwa shule za kata, darasa lina wanafunzi themanini, na yule mtoto wa dawati la mwisho anajibu kwa kunong'ona kwa sababu anaogopa. Utamsikiaje? TP iliyopita nilimwona mwenzangu mmoja anamwambia mwanafunzi "rudia" mara nne, na mi niliyekaa nyuma nilisikia mara ya kwanza.

Hapa ile inayoitwa kuvuja ni msaada. Nikizidisha volyumu, rumeti wangu ananirushia kandambili. Nyie mliozibwa nani atawaambia? Mnapasuka taratibu na chumba kimya, teh teh teh.

Msinielewe vibaya lakini, sijasema uzivae kila mahali. Kwenye kipanya cha Machame usithubutu. Injini, konda na redio ya dereva vyote vitaingia, utapandisha volyumu kuvishinda na hapo utajiumiza zaidi kuliko mwenye za kuziba. Maktaba nako hapana, utafukuzwa na ni haki yao. Hizi ni za chumba kimya, usiku, au kule nyumbani chini ya migomba. Mtu anayetaka kitu cha safarini anunue zilizozibwa vizuri, aweke sauti ya chini, hatutagombana.

Na zina kasoro, sitawauzia maneno. Simu haiziwezi. Ohmu 250 kwenye simu ni kama kumpa ng'ombe nyasi za sungura, utasikia kwa mbali tu afu utaniambia hazina nguvu. Nusu ya waliozihukumu walizichomeka kwenye simu! Mimi natumia amplifaya la zamani la Kijapani, kubwa kama begi la shule ya bweni, nililipata kwa fundi redio. Yale ya zamani yana tundu nene la hedifoni na yanazisukuma bila shida.

Kasoro ya pili ni huku juu. Zinang'ata. Karibu na herzi 8000 kuna mwinuko, na kila herufi "s" inachoma kama sindano, kwaya ikiimba "asante" unakunja uso. Dawa yake niliipata kwa barakoa zilizobaki za enzi za korona. Unachambua tabaka moja jembamba, unakata duara, unavua sifongo ya sikio, unalilaza juu ya kiwambo bila kukigusa, unarudishia sifongo. Tabaka MOJA. Ukiweka mawili mziki unaingia chini ya blanketi. Sindano imepungua, haijaisha, na ndiyo maana hata kwa hizi sitamwamini mtu anayechanganya sauti bila kuhakiki kwenye spika.

Za mwanzo zinabana pia. Nilizivalisha rundo la vitabu vya saikolojia ya elimu kwa siku mbili, hatimaye vikapata kazi. Sasa zimekaa vizuri, ni gramu 250 hivi, na ile mito ya kitambaa laini haipikishi masikio hata Januari hii ya Moshi mjini ambapo hedifoni za ngozi bandia zinakuachia jasho na magamba meusi shingoni. Mito ikichafuka unaivua, unafua kwa mkono na sabuni kidogo, unaanika kivulini. Ikibonyea kabisa tafuta mingine, maana sikio linasogea karibu na kiwambo na sauti inabadilika. Vumbi ndilo adui, wavu uko wazi, kwa hiyo zikipumzika nazifunika kipande cha kanga.

Waya wake ulikuwa wa mita tatu, wa kujisokota kama wa simu ya mezani, mzito, unavuta shingo, na haung'oki. Ulipokatikia ndani upande mmoja ukafa. Fundi wa redio kule Mbuyuni akaukata, akalehemu tundu dogo la milimita 3.5 kwenye kikombe cha kushoto, elfu tano. Sasa nachomeka waya wowote mwepesi. Mwenye gunia la mbuzi angeweza kufanya hivyo na zile zake zilizogundishwa kwa gundi? Zikifa waya anatupa, ananunua nyingine. Tangu mwaka wa kwanza kashanunua tatu. Piga hesabu mwenyewe, wewe si unasoma hisabati.

Kama laki na ishirini huna, zipo AKG K240 na Superlux HD 681, ni nusu wazi, bei ziko chini, na K240 waya wake unang'oka wenyewe bila fundi.

Sasa sababu hasa ya kuandika leo. Kwaya ya nyumbani inarekodi tena, wameshachanga, kikao ni Jumamosi hii, na nasikia wapo wanaotaka kurudi studio ile ile kwa sababu "kijana ana vifaa vya besi". Nimeshampigia katibu. Studio yoyote sawa, hata ile ile sawa, ila kitufe kizimwe, na kabla hatujalipa awamu ya pili sauti ya nne tuisikie kwanza kwenye hedifoni za wazi, halafu kwenye spika za kanisani. Nitashuka na hedifoni mkononi na amplifaya begani, na konda akitaka kunilipisha kiti cha pili nitalipa.

Mnaobisha, chumba mnakijua. Njooni baada ya saa nne usiku, jenereta la jirani likizimwa. Njoo na wimbo wako, usije na simu yako.