Sizali ikitoa mlingoti

Ulizo hili limetufikia kutoka vikundi vitatu: sizali ya kwenye mpaka wa shamba imetoa nguzo ndefu katikati. Tuikate ili mmea usife, ao tuiache?

Kuikata hakusaidii. Sizali, ile ambayo wengine wanaita mkonge ao katani, inachanua mara moja tu katika maisha yake. Kwa miaka 7, 10 ao zaidi, inaweka akiba katika majani yake manene. Kisha ile ncha ya katikati iliyokuwa inazaa majani inageuka kuwa mlingoti wa maua, unaopanda haraka hata mita 6. Hakuna ncha nyingine inayobaki pale. Mama huyo atakauka tu, hata ukitumia panga mapema.

Maua yake ni ya kijani-manjano. Lakini usingoje mbegu, maana karibu haitoi. Maua yakianguka, kwenye vitawi vilevile vinatokea vitoto, kila kimoja na majani yake madogo. Mlingoti mmoja unaweza kubeba zaidi ya 1000. Vikikomaa vinaanguka na kushika udongo. Havina baba, kila kimoja ni mama yake mtupu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto vya namna hii kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika Tanga vikiwa vizima vilikuwa 62 tu, na ndivyo vilivyoanzisha mashamba makubwa ya mkonge kule Tanzania. Basi mtu asikuuzie vitoto hivi kwa bei kubwa!

Sasa, kuna watoto wengine, wa chini ya udongo, na hao ndio wanaotutia wasiwasi. Shina la sizali linatembea chini kwa chini na kuchipuka mbali kidogo na mama. Ukiacha chipukizi lolote likue, mama akikauka mstari unakuwa umehama hatua moja ao mbili. Miaka mingine kumi, umehama tena. Kwa mama mjane ambaye mpaka wake hauna karatasi, na mume ndiye aliyeujua, hatua hizo mbili ni mistari ya mihogo ya watoto wake. Na jirani anaweza kubishana naye bila hata kusema uongo: sizali ndiyo hiyo, imesimama pale.

Kwa hiyo mlingoti ukitokea, usingoje ukauke. Wakati mama bado amesimama, mwite jirani pamoja na nyumbakumi ao mzee wa kijiji, muangalie mstari pamoja. Acheni chipukizi moja lililo karibu kabisa na shina, yaliyotoka nje ya mstari yang'olewe pande zote mbili. Palipo na pengo, pandeni kitoto cha mlingoti kilichokaa kitaluni mwaka mmoja ao mwaka na nusu. Msifunike moyo wake kwa udongo, utaoza.

Utomvu wake unawasha sana ngozi, basi funika mikono, na watoto wakae mbali. Njia ikipita karibu, kata ile miiba ya ncha. Iko sawasawa na urefu wa macho ya mtoto.

Vikundi vyenye milingoti iliyokomaa, mtuwekee vitoto. Wamama wa mashamba ya mlimani wanavihitaji kabla mvua haijaisha.