Sistimu ikirudi, salio lako limerudi saa ngapi?

Chukua mfano huu. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi pale Kipini. Mashua zimeshaingia kutoka ghuba ya Ungwana, na mama mmoja mchuuzi amenunua samaki wa shilingi 8,400. Amelipa kwa simu, ujumbe umeingia kwa nahodha, samaki wametiwa kwenye barafu wakingoja gari la Malindi. Dakika tano baadaye sistimu inazima. Inarudi saa nne. Mama anaangalia salio na kukuta zile 8,400 ziko pale pale, kana kwamba hajanunua kitu. Nahodha akiangalia lake, hana hata senti ya samaki wale. Na ujumbe wa kuthibitisha wanao wote wawili.

Wateja wengi wakisikia kisa kama hiki husema kampuni imeiba, au mama ana bahati. Hakuna aliyeiba na hakuna mwenye bahati. Kilichotokea ni kwamba daftari limerudishwa nyuma hadi saa kumi na mbili na dakika kumi, na malipo ya mama yalifanyika baada ya hapo. Sisi tunaofanya kazi hii tunalijua jambo hili vizuri, lakini huwa hatumwelezi mteja. Tunamtumia ujumbe wa kumwomba radhi kwa usumbufu, basi. Tunaona hilo ni kosa, na leo tunataka kulieleza lote, pamoja na msimamo wetu ambao huenda usikupendeze: sistimu ikizima namna hii, ni afadhali ikae imefungwa mpaka hesabu zilingane, hata kama wewe una haraka.

Tuanze na pesa yenyewe. Ile pesa unayoiona kwenye simu si noti zilizofungiwa mahali zikiwa na jina lako. Shilingi zenyewe ziko benki, kwenye akaunti ya amana, kama sheria ya Kenya ya mfumo wa malipo ya mwaka 2011 na kanuni zake za 2014 zinavyotaka. Kampuni inachoshika mkononi ni daftari linalosema katika hizo shilingi zilizo benki, ngapi ni za nani. Daftari hilo ndilo mafundi wanaloliita hifadhidata. Likipotea, shilingi hazipotei. Kinachopotea ni kujua mwenyewe nani, na kwa mtu wa Kipini anayengoja kulipwa samaki wake, sijui kama tofauti hiyo ina maana yoyote.

Kwa sababu hiyo daftari haliwekwi mahali pamoja. Kuna seva kuu ambayo kila malipo huandikwa kwanza, na kuna seva pacha, mbili au tatu, ambazo hunakili kila mstari kutoka kwa ile kuu, sekunde chache nyuma yake. Seva kuu ikiungua, au umeme ukikatika katika jengo ilimo, pacha mmoja anapanda kuwa mkuu na wewe hata hujui kulitokea nini. Ni mpango mzuri. Lakini una tundu moja kubwa ambalo hata baadhi ya watu wa kazi hii hulisahau: pacha hunakili kila kitu, makosa yakiwemo. Fundi akifuta kwa bahati mbaya safu ya masalio kwenye seva kuu, pacha wote watatu wanaifuta pia, haraka na kwa utiifu. Sasa una madaftari manne yaliyo sawasawa, na yote hayana kitu.

Ndiyo maana huwekwa kitu cha pili, nacho ni picha. Mara moja kwa siku, tuseme saa nane usiku watu wamelala, mashine hupiga picha ya daftari lote kama lilivyo dakika ile, na picha hiyo hupelekwa mbali, isiguswe na mtu. Pamoja nayo huwekwa orodha ya mabadiliko yaliyofuata, mstari kwa mstari, inayopelekwa kila baada ya dakika chache. Mambo yakiharibika, mafundi huchukua picha ya saa nane, halafu husoma orodha na kuandika upya kila tukio mpaka mwisho wa orodha ilipofika. Ikiwa kipande cha mwisho kilipelekwa saa kumi na mbili na dakika kumi, basi dunia yako inarudi pale. Dakika zilizobaki ndilo pengo. Mama wa samaki aliangukia ndani ya pengo.

Kuna kampuni moja ilipata kuyaona haya yote kwa usiku mmoja, nayo iliyaeleza hadharani, kwa hiyo tunaweza kuitaja. Ni GitLab, ambayo huwatunzia waandishi wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wao alikuwa akihangaika na seva pacha iliyoachwa nyuma na ile kuu. Akaamua kufuta yaliyomo kwenye pacha ili aijaze upya. Kumbe alikuwa amesimama kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde chache akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki zisizofika 5. Wakaenda kwenye nakala zao za kila siku, wakakuta hakuna hata moja. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo lisilopatana na hifadhidata yao, imekuwa ikishindwa kimya kimya, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ambayo fundi yule yule aliipiga kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa ya majaribio. Bahati tu.

Walipoteza kazi za saa hizo sita: kama miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Lakini tunachokiheshimu ni kwamba kazi ya kurudisha waliionyesha watu moja kwa moja kwenye YouTube, na baadaye wakaandika pengo lilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Mteja wao alijua cha kutafuta. Sisi watu wa malipo ya simu tumezoea kufanya kinyume, eti mteja akijua ataogopa. Kana kwamba haogopi akiona salio ambalo halielewi.

Sasa tuje kwenye sehemu inayochelewesha. Mteja anauliza, kama picha ipo na orodha ipo, mbona saa nne nzima? Kupakia picha ndiyo kazi nyepesi. Ngumu ni wale pacha. Wao wana historia yao, inayoendelea mpaka dakika ya ajali, na seva kuu iliyorudishwa ina historia inayoishia kabla. Huwezi kuwaunganisha tena ukasema endeleeni. Lazima kila pacha afutwe ajengwe upya kutoka kwa seva kuu mpya. Pacha mmoja akisahaulika, akaachwa ajibu maswali ya wateja, utabonyeza salio mara ya kwanza uone shilingi 8,400, ubonyeze tena uone 0. Hapo hata mfanyakazi wetu wa huduma kwa wateja hawezi kukwambia lipi ni la kweli.

Halafu kuna namba za muamala. Daftari likirudi nyuma, hesabu ya namba nayo inarudi nyuma. Wasipoiruka mbele, sistimu itatoa kwa mtu wa Garsen namba ile ile ambayo tayari iko kwenye simu ya nahodha wa Kipini. Namba moja, malipo mawili, watu wawili wote wakiwa na ushahidi. Kosa dogo hili linaweza kuzaa ugomvi wa miezi.

Na mwisho kuna dunia ya nje, ambayo hairudi nyuma. Samaki wameshaondoka. Benki imeshapokea maagizo. Wakala ameshahesabu noti akampa mtu. Mafundi wanalazimika kukusanya vipande: kumbukumbu za ujumbe uliotumwa kwa wateja, taarifa za benki, madaftari ya mawakala. Kisha wanavilinganisha, na kila malipo ya ndani ya pengo yanaandikwa upya kwa mkono au kwa programu.

Kipini haihitaji kufundishwa habari ya nakala. Oktoba 1890 wanajeshi wa Uingereza chini ya Admirali Fremantle walishuka hapo hapo Kipini, wakapanda kwenda Witu kumpiga Sultani Fumo Bakari, na mji ukachomwa. Inasemekana humo ndimo ilimopotelea hati ya asili ya Habari za Pate, historia ya masultani Wanabahani. Zilizobaki ni nakala kadhaa, nyingi zikitokana na masimulizi ya mtu mmoja, Bwana Kitini wa ukoo huo huo. Stigand alichapisha moja kwa Kiingereza mwaka 1913, nyingine zikafuata, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akazikusanya kadhaa kitabuni ili zilinganishwe. Hazilingani kila mahali. Na hata zinapolingana mtu hawezi kustarehe, maana nakala tatu zilizotoka kinywani mwa mtu mmoja bado ni shahidi mmoja. Pacha watatu wa seva moja ni hivyo hivyo. Ushahidi wa pili lazima utoke kwingine.

Kwingine huko ni wapi? Ni mkononi mwako. Ule ujumbe wa kuthibitisha ulitoka kwetu kabla ya ajali, na hakuna fundi wetu anayeweza kuurudisha nyuma. Ndiyo maana tunakerwa na desturi ya kufuta ujumbe kila jioni ati simu imejaa. Futa picha za matangazo kwanza. Ujumbe wa malipo uache, angalau mpaka uone umeingia kwenye taarifa yako ya mwezi.

Sasa turudi kwenye msimamo wetu. Sistimu inaweza kufunguliwa saa mbili na nusu, picha ikishapakiwa, na hesabu za pengo zifanywe baadaye huku watu wakiendelea na shughuli. Wakubwa wengi wa biashara hupenda hivyo, kwa sababu kila dakika ya kufunga ni ada iliyopotea na malalamiko mitandaoni. Lakini fikiria mama yule akifunguliwa saa mbili na nusu. Anaona 8,400, anazitoa kwa wakala, analipa karo ya mtoto. Saa tano tunagundua ni za nahodha. Tunamkata mama, salio linakwenda chini ya sifuri, au nahodha anaambiwa asubiri. Tumechukua kosa letu la dakika kumi tukaligeuza deni baina ya majirani wawili wanaokutana kila asubuhi ufukweni. Sisi tungali Nairobi.

Tunakubali kwamba kufunga nako kuna bei, na bei hiyo hailingani. Mtu wa Nairobi sistimu ikizima atatoa kadi, au atavuka barabara aende benki. Mtu wa Kipini benki yake ni safari, na mto Tana ukifurika kama mwishoni mwa 2023 hata safari yenyewe haipo. Samaki hawangoji hesabu. Barafu inayeyuka. Kwa hiyo anayedai tufunge mpaka hesabu zilingane, nasi ni wadai, lazima pia adai kampuni ifanye mazoezi ya kurudisha. Mazoezi ya kweli: kila baada ya muda chukua picha ya jana, ipakie kwenye seva kavu, jenga pacha, linganisha masalio, pima saa. Kampuni isiyojua kurudisha kwake kunachukua saa ngapi haina nakala, ina matumaini. Na orodha ya mabadiliko ipelekwe mara kwa mara zaidi, pengo liwe la sekunde badala ya dakika. Inagharimu, ndiyo. Afadhali gharama hiyo ilipwe na sisi kuliko kulipwa kwa samaki wa mtu.

Tena, pengo litangazwe. Kila aliyelipa au kulipwa kati ya saa fulani na saa fulani apelekewe ujumbe wenye saa hizo, si maneno ya radhi matupu.

Kwa upande wako, sistimu ikizima baada ya kutuma, usitume tena. Ukituma mara mbili na yote mawili yakarudishwa, umelipa mara mbili. Ikirudi ukakuta pesa uliyokwisha kuilipa, iache. Si yako, na itaondolewa. Ukikuta pesa uliyolipwa haipo, tupigie ukiwa na ule ujumbe, utusomee namba ya muamala na saa. Na akikupigia mtu akisema anarudisha akaunti yako, ati umtajie namba ya siri, mkatie. Matapeli hupenda sana siku kama hizo. Kurudisha daftari hakuhitaji namba yako ya siri hata kidogo.

Kuna jambo moja linalobishaniwa sana katika kazi yetu. Wapo wanaotaka mawakala waache kuandika kwenye madaftari ya karatasi, kwa kuwa ni kazi mara mbili na wateja wanachoka kutia sahihi. Hoja yao tunaielewa. Foleni ni foleni. Lakini daftari la wakala wa Kipini, na mwandiko wake mbaya na kona zilizoliwa na unyevu wa bahari, halinakili chochote kutoka kwa seva yetu. Linaandika alichokiona yeye. Mpaka mtu atuonyeshe kitu kingine cha namna hiyo, sisi tutaendelea kuwapelekea mawakala madaftari mapya.