Tusiiache sibuleti ioze mikononi mwetu



Tangu vita virudi mwishoni mwa 2017, kulima Djugu kunataka moyo mgumu. Watu wamekimbia, mashamba mengi yamelala, na barabara ya kitaifa namba 27, inayopita Iga-Barrière na Fataki kwenda Mahagi, kuna siku haipitiki. Hata hivyo mboga zinafika sokoni Bunia. Kati yake imo sibuleti, yale majani membamba ya jamii ya kitunguu: mara nyingi tunainunua mwisho, kwa makuta yaliyobaki, na ndiyo ya kwanza kutupwa. Aliyeilima amekwisha kufanya sehemu yake. Tuifanye na sisi yetu.

Mama zetu wauzaji, majani haya ni matupu ndani. Yakikazwa kwa kamba yanavunjika, na yalipovunjika ndipo yanapoanza kuoza. Yafungeni kwa ukambaa wa mgomba, bila kubana. Kuyamwagia maji kila mara kunayang'arisha machoni pa mteja, lakini katikati ya fungu yanageuka ute. Afadhali yakae kivulini, mashina yakigusa maji kidogo ndani ya bakuli, na juu kitambaa chenye unyevu.

Viongozi wa masoko, kivuli hicho na maji hayo safi ni kazi yenu. Mama asipangiwe mahali pa kuuzia juani kisha alaumiwe kwa mboga zilizonyauka.

Sisi wanunuzi, tukifika nyumbani tulifungue fungu mara moja, tuondoe majani ya manjano, tusiyaoshe bado. Asiye na friji asimamishe mashina ndani ya glasi yenye maji kidogo, mbali na jiko, na abadilishe maji kila siku. Mwenye friji ayafunike kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya sasheti iliyoachwa wazi. Kuosha ni wakati wa kutumia, kwa mikono safi na maji salama, hasa kama tutayala mabichi. Kipindupindu si kigeni kwetu, tunaokaa karibu na Ziwa Albert.

Jikoni, tutumie kisu kikali. Kisu butu huponda majani na kuacha utamu wake kwenye ubao. Tena tusiitie sibuleti mwanzo pamoja na mafuta, maana moto mrefu unamaliza harufu yake. Samaki wa Tchomia akishaiva katika nyanya na mawese, epua sufuria, nyunyiza sibuleti iliyokatwa vipande vidogo, funika kidogo, pakua. Fanya vivyo hivyo kwa maharagi, mayai na viazi.

Na fungu likija na mizizi, tusiitupe. Kata majani, bakiza vidole viwili juu ya mizizi, panda ndani ya bidoni kuukuu iliyotobolewa chini. Itachipua, na kila ukivuna bakiza vidole viwili juu ya udongo. Familia iliyopoteza shamba inaweza kuitunza hiyo bidoni mlangoni. Kwa hiyo mwenye kichaka cha sibuleti kilichosongamana akigawanye wiki hii, ampe jirani aliyekimbia kijiji chake kipande chenye mizizi.

Ombi la mwisho ni la sokoni. Mama wa Djugu akitaja bei ya fungu la sibuleti, tusimvute ashushe. Tumlipe, ili kesho apate sababu ya kulima tena.