Mja Mzito na Hari ya Kaskazi

Katika miezi ya kaskazi, jua la utosi linapochoma mchanga wa pwani na hewa yenye unyevu ikakataa kukausha jasho, tunamwona mja mzito amejitwika ndoo ya maji, kanga imemgandama mgongoni, nasi tukampita tukimwamkia tu, tusitambue ya kwamba hari ile haimtaabishi yeye peke yake.

Mazoezi, kwa hakika, si adui wa mimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilimnasihi mja mzito asiye na maradhi ya kumzuia apate walau dakika 150 za harakati za wastani kila juma, lakini likamtahadharisha na joto lililokithiri. Sababu ni dhahiri: mfereji wa neva, ulio asili ya ubongo na uti wa mgongo, hujifunga takriban siku ya 28 baada ya kutunga mimba, aghalabu kabla mama hajajua kuwa ana himila, na joto la mwili likipanda kupita nyuzi 39 na kudumu, huenda likakidhuru kiumbe hicho kichanga.

Basi na atembee alfajiri au jua linapopunga, anywe maji, apumzike kivulini, na akihisi kizunguzungu aache papo hapo. Lakini nasaha bila msaada ni dhuluma: mume na aipokee ndoo, mwajiri na atoe ruhusa ya kupumzika adhuhuri, kwani amana iliyo tumboni ni yetu sote.