Nembo ya Askari Ing'ae Mbele ya Nani?

Mwanafunzi anayetazama gwaride la Sikukuu ya Jamhuri kila tarehe 12 Desemba huwaona wanajeshi wetu katika makoti mekundu, mikanda imepigwa rangi nyeupe na vifungo vinameremeta. Mwanafunzi huyo huyo akifungua gazeti na kuona picha ya wanajeshi walio vitani, hukuta kwamba rangi zote zimekwenda. Sare ni ya mabaka, cheo kimeshonwa kwa uzi wa rangi ya majani makavu, na nembo ya kikosi iliyo begani imefifishwa hata huwezi kuisoma usipoisogelea. Hapo humwuliza mwalimu wake: mbona askari huficha nembo yake mahali pale pale ambapo angestahili kuiringia?

Jibu la haraka ni kwamba huificha ili adui asimwone. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu, na hapa kwetu Kanja, chini ya msitu wa Mlima Kenya, ni nusu iliyo hatari mtu akiishia hapo.

Tuanze na historia. Majeshi ya Ulaya hayakuvaa rangi za kung'aa kwa upumbavu. Baruti ya zamani ilitoa moshi mzito, bunduki hazikulenga mbali, na kamanda aliyesimama kilimani alihitaji kujua katika wingu lile ni akina nani walio wake. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja baruti isiyo na moshi, zikaja na bunduki za kuua mtu kutoka umbali wa mita mia kadhaa. Waingereza, ambao walikuwa wamekwisha kuijaribu kaki huko India, waliingia nayo katika vita dhidi ya Makaburu mwaka 1899. Wafaransa walikataa kuachana na suruali zao nyekundu, wakidai kwamba ndizo Ufaransa yenyewe. Tarehe 22 Agosti 1914 pekee walipoteza wanajeshi wapatao 27,000. Si haki kuitupia suruali lawama yote, kwa maana bombomu na mizinga zingewafyeka hata wangevaa matawi, lakini kufikia mwaka 1915 suruali hizo zilikuwa zimeondolewa.

Kaki nayo ilileta tatizo lake. Watu elfu kumi waliovaa rangi ya vumbi ni vumbi tu, na afisa hawezi kutambua kampuni yake imefika wapi. Ndipo rangi iliporudi kwa mlango wa nyuma, kama kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa begani au mgongoni. Kwa hiyo nembo ya begani tangu kuzaliwa kwake ilikuwa na kazi mbili zinazovutana. Mwenzako sharti aione, naye adui asiione. Ubishi wote kuhusu nembo ya rangi na nembo iliyofifishwa umetokana na mvutano huo.

Babu zetu waliuvaa mvutano huo kichwani. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu wetu walikiita KEA, kiliundwa mwaka 1902, na askari wake walijulikana kwa tarbushi. Baadhi ya batalioni zilikuwa na nambari zao kwenye beji kwa tarakimu za Kiarabu, jambo la ajabu kidogo kwa kijana wa Meru au Embu ambaye hakuwa amepata kuiona hata alifu. Lakini aliijua nambari yake, na aliifia. Wenzao wa Kariakoo, wale wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 waliokufa kwa maelfu kwa maelfu, hawakupewa nembo ya fahari yoyote. Walipewa kibati chenye nambari cha kuning'iniza mwilini, basi.

Katika vita vya pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma ikiwa na nembo ya kichwa cha kifaru. Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi walikuwa na buibui, yule Ananse wa ngano za Waakan, ambaye walimu wa fasihi simulizi watamtambua kama binamu wa sungura wetu. Mwaka 1944 vijana wa kifaru walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, njia ikiwa tope tupu na malaria ikiua kama risasi. Kaki ilikuwa imekwisha kuwekwa kando kwa sababu inaonekana waziwazi msituni, wakapewa sare za kijani. Kifaru kilikuwa fahari ya kambini na ya barua za nyumbani. Porini, kilichomwokoa mtu ni kijani.

Kufifisha nembo kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Jicho la adui halitafuti shabaha tu, linahesabu pia. Jasusi akiona nembo tatu tofauti sokoni, anajua ni divisheni ngapi zimefika mjini na huenda akakisia zinakoelekea. Ndiyo maana katika vita vile vikosi vilivyohamishwa viliamriwa kung'oa nembo kabla ya safari. Wamarekani walipiga hatua zaidi: mnamo 1944 na 1945 walikuwa na kikosi maalumu cha hadaa ambacho askari wake walishona nembo za divisheni nyingine, wakaenda kunywa katika mikahawa ya Ufaransa ili waonekane. Kitambaa cha ukubwa wa kiganja kiliweza kusema uongo uliopeleka jeshi zima la adui upande usio wake.

Wamarekani hao hao walibishana tena katika vita vya Vietnam. Nembo za rangi zikaanza kubadilishwa kwa nembo za kijani na nyeusi, lakini Divisheni ya 101, yenye nembo ya kichwa cha tai mweupe, iling'ang'ania tai wake wa rangi hata wengine walipokwisha kufifisha. Hoja ya waliomtetea tai haikuwa ya kijinga. Walisema kwamba askari hufa kwa ajili ya mwenzake na kwa ajili ya jina la kikosi chake, na kwamba adui akiiona nembo hiyo akatishika, basi nusu ya vita imekwisha. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ni ya mtu anayehesabu ushujaa bila kuhesabu majeneza. Siku hizi nembo hubandikwa na kubanduliwa, ya rangi kwa gwaride na iliyofifishwa kwa doria, na ubishi wa askari kwa askari umekaribia kuisha.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kufifia hakuna gharama. Wakati wa shambulio la Westgate mjini Nairobi, Septemba 2013, magazeti yaliripoti kwamba kamanda wa kikosi cha Recce cha GSU aliuawa kwa risasi za wanajeshi walioingia katika jengo hilo bila uratibu wa kutosha. Ndani ya jengo kulikuwa na polisi wenye sare, polisi wasio na sare na raia wenye bastola. Pale ambapo wenzako hawawezi kukusoma, maficho yako yanakugeukia.

Sasa tufike nyumbani. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na miongoni mwa walioongoza mapigano katika Mlima Kenya alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, ambaye mwenyewe alikuwa koplo wa KEA huko Burma. Mtu aliyefunzwa na Mwingereza thamani ya kijani aliirudisha elimu hiyo dhidi ya Mwingereza. Wapiganaji wa msituni walivaa ngozi na makoti yaliyochakaa, nywele zao zikiwa ndefu, wala hawakuwa na haja ya nembo kwa kuwa walijuana kwa sura na kwa kiapo. Upande wa pili, walinzi wa nyumbani, wale homugadi, walivishwa vitambaa vya rangi ili askari wa serikali wasiwapige risasi kwa kudhani ni Mau Mau.

Hapo mpaka ulikuwa wazi. Kisha serikali ikauvuruga kwa makusudi. Maafisa kama Frank Kitson, ambaye mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo, waliunda magenge bandia: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, pamoja na Wazungu waliojipaka masizi usoni, wote wakivaa matambara ya msituni. Kijeshi mbinu hiyo ilifanya kazi, na hatuna sababu ya kukana. Lakini mfikirie mama wa mlimani anayebishiwa mlango usiku wa manane na watu wanaoomba chakula. Kama ni wapiganaji wa kweli, akiwanyima ni msaliti. Kama ni bandia, akiwapa ni gaidi. Hakuna nembo ya kusoma, wala taa ya kuisomea. Nembo ilipofifishwa mbele ya adui ilikuwa ni akili ya vita, lakini ilipofutwa mbele ya mama huyo, yeye ndiye aliyegeuzwa kuwa adui.

Tofauti hii ndiyo tunayoomba ifundishwe. Mwanajeshi aliye mbele ya adui mwenye silaha ana haki ya kufifia kadiri awezavyo. Mtumishi wa serikali aliye mbele ya raia hana haki hiyo hata kidogo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 imelisema hilo bila kupindisha maneno: afisa aliyevaa sare sharti awe na jina lake au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana waziwazi. Waliolitunga sharti hilo hawakuwa wakifikiria urembo wa sare. Walikuwa wakifikiria mahakama.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona sababu. Mwezi Agosti 2021, wakati wa kafyu ya Korona, ndugu wawili wanafunzi walikamatwa na polisi huko Kianjokoma, katika kaunti hii hii yetu, na hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Maafisa sita walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, wakakana. Sisi hatuihukumu kesi hiyo. Tunachosema ni kwamba kesi ya namna hiyo haiwezi hata kufunguliwa bila kwanza kujua ni nani alikuwa ndani ya gari usiku ule.

Linganisha na yaliyofuata. Katika maandamano ya vijana ya mwaka 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, Wakenya waliona watu wenye bunduki wakiwa wamevaa kofia za kufunika uso, hawana jina, hawana nambari. Mwezi Agosti mwaka huo Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu aliamuru kwamba polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Mwezi Desemba kijana mmoja alitwaliwa mjini Embu na watu wasio na sare wala beji, akarudi kwao Januari 2025. Wazazi wake walikwenda kumtafuta kwa nani? Mtu aliyepotea mikononi mwa askari mwenye nambari hutafutwa kwa nambari hiyo. Aliyepotea mikononi mwa kivuli hutafutwa katika vyumba vya maiti.

Wapo watakaotwambia kwamba polisi wakijulikana majina, familia zao zitaandamwa mitandaoni na wahalifu watawalipiza kisasi. Hofu hiyo ni ya kweli, na tunawahurumia maafisa wadogo ambao hawakutoa amri yoyote. Lakini sheria haikudai jina pekee. Ilitoa nafasi ya nambari. Nambari kubwa, mgongoni na kwenye kofia ya chuma, inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, haimwambii mhalifu afisa analala wapi. Inamwambia msajili wa mahakama amwite nani. Mchezaji wa kandanda wa shule ya msingi hubeba nambari ya aina hiyo, na mwamuzi hashindwi kuiandika.

Walimu wanaijua hila hii kuliko wanasheria. Mwanafunzi anayetaka kutoroka kwenda sokoni kwanza huigeuza sweta yake ndani nje ili beji ya shule isionekane. Hafanyi hivyo kwa kuwa anaionea haya shule.

Ndiyo maana tungependa somo la historia katika shule za Kanja, Runyenjes na Kianjokoma lisiishie kwenye majina ya majenerali na tarehe za operesheni. Wanafunzi na watumwe kwa nyanya na babu zao waliokuwa watoto katika vijiji vya dharura, wawaulize jambo moja: usiku, mlango ulipobishwa, mlijuaje ni nani? Majibu yaandikwe katika daftari, yenye jina la kijiji na umri wa msimulizi. Waliokuwa na miaka kumi mwaka 1954 sasa wamepita themanini.